Mitambo ya Maabara na Udongo wa Mwanachama

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Arusha



Nimeombwa niseme machache juu ya mitambo ya maabara ya siku hizi, ile inayopima udongo, kahawa na damu kwa haraka sana, bila mkono wa mtu kushika kila hatua. Bila shaka wengine wenu mnajiuliza mkaguzi wa hesabu ana jambo gani na kazi ya wakemia. Nami najiuliza hivyo hivyo. Nilisoma hadi kidato cha nne, na kemia niliyofundishwa nimeisahau sehemu kubwa. Lakini kazi yangu ilinifikisha kwenye mitambo hiyo kwa njia ya hati ya malipo, na kwa njia hiyo hiyo nitawapeleka ninyi.

Miaka michache iliyopita chama kimoja cha wakulima wa kahawa, upande wa mashariki wa Mlima Meru, kiliamua kupima udongo wa mashamba ya wanachama 47. Jambo lenyewe lilikuwa jema, lilipitishwa na mkutano, na kila mwanachama alikatwa fedha yake katika malipo ya kahawa. Mifuko 47 ikapelekwa maabara. Majibu yakarudi kwenye karatasi safi zilizochapwa na kompyuta, kila shamba na namba yake, na kila kipimo kimeandikwa mpaka tarakimu mbili baada ya nukta. Karatasi zilisema kwamba karibu mashamba yote yalikuwa na uchachu uliopita kiasi. Halmashauri ikanunua chokaa kwa mkopo, na chokaa ikagawiwa kwa wote.

Msimu uliofuata, mashamba ya chini, yale yaliyo karibu na barabara kuu iendayo Moshi, yalianza kuonyesha majani machanga ya njano, huku mishipa ya jani ikibaki kijani. Bwana shamba alipofika alisema mara moja kwamba udongo ule umetiwa chokaa usiyoihitaji, na sasa mbuni unashindwa kupata madini ya chuma yaliyomo ardhini. Mkutano mkuu ukaitishwa, nami nikaalikwa. Mwenyekiti alisimama, akainua zile karatasi juu, akasema: "Ndugu zangu, mtu anaweza kudanganya, lakini mashine haidanganyi."

Hapo mama mmoja mjane aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Akasema: "Mwanangu mkaguzi, mimi sibishani na mashine. Nauliza tu, udongo wangu ulichukuliwa siku gani? Mimi kila siku nipo shambani, na sikumwona mtu."

Nilirudi ofisini mwa chama nikafungua jalada. Hati ya malipo ilionyesha posho ya mtu mmoja, siku moja, na nauli ya pikipiki ya safari moja, katikati ya mwezi wa Aprili. Ninyi mnaoishi kule mnajua masika ya Aprili. Kutoka mashamba yanayopakana na msitu mpaka yale ya tambarare, kwa tope lile, hakuna kijana awezaye kufika mashamba 47 mchana mmoja na kuchimba katika kila shamba. Nikazisoma tena karatasi za majibu, safari hii kama mkaguzi, na nikaona kwamba namba 47 zile zilikuwa kama watoto wa mama saba. Kijana alipoitwa alisema kweli bila kusukumwa: mvua ilimnyeshea, akachukua udongo wa mashamba saba yaliyo jirani na ghala la chama, yote ya sehemu ya juu, akaugawa kwenye mifuko yote.

Nawaambieni jambo lingine, na hili linanihusu mimi. Pembeni ya hati ile ya malipo palikuwa na alama ya wino wa kijani. Ilikuwa alama yangu. Niliikagua hati ile mwaka uliotangulia, nikaona jumla ni sahihi, sahihi za watu zipo, stakabadhi imeambatishwa, nikapitisha. Tena chini kabisa ya karatasi ya maabara palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo uliosema kwamba sampuli zilipokelewa zikiwa mbichi na baadhi ya namba hazisomeki. Katibu hakuusoma. Mwenyekiti hakuusoma. Wala mimi sikuusoma.

Basi mashine ilidanganya? Haikudanganya hata kidogo. Ilipima udongo wa mashamba saba mara 47, kwa uaminifu mkubwa, na ikatoa majibu yaliyolingana na ulichopewa mkono wake. Ili tuelewe jinsi jambo hili linavyotokea, yafaa tujue mitambo hiyo inafanya nini hasa, na nini haifanyi.

Zamani kidogo, kazi yote ya maabara ilikuwa ya mikono. Fundi alinyonya dawa kwa mdomo kwa mrija wa kioo, mpaka alama fulani, akaifunga kwa kidole na kuidondosha kwenye chupa. Ilikuwa kazi ya hatari, maana kilichonyonywa kilikuwa pengine sumu, pengine damu ya mgonjwa. Mwaka 1957 Mjerumani mmoja, Heinrich Schnitger, aliyekuwa akifanya kazi Marburg, alichoka na kunyonya huko akatengeneza mrija wenye pistoni na springi, unaobonyezwa kwa kidole gumba na kuchota kiasi kile kile kila mara. Mwaka 1951 kabla yake, Daktari Gyula Takátsy wa Hungaria, akiwa na vipimo vingi vya homa ya mafua na vifaa vichache, alichonga vishimo vingi kwenye kipande kimoja cha plastiki ili kila kishimo kiwe kama chupa ndogo. Kifaa hicho ndicho leo sahani ya vishimo 96, safu 8 kwa 12, na maabara za dunia nzima zimekubaliana juu ya kipimo chake. Mambo haya mawili yaonekana madogo, lakini roboti zote zilizokuja baadaye zimejengwa juu yake. Mkono wa chuma hauna akili ya kutafuta chupa. Unahitaji kishimo kiwe mahali pale pale kila siku.

Nchini Marekani, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Leonard Skeggs alibuni mtambo uliosukuma sampuli za damu kwenye mpira mwembamba, moja nyuma ya nyingine, zikitenganishwa kwa mapovu ya hewa. Mtambo huo uliingia sokoni mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Daktari Masahide Sasaki wa Chuo cha Tiba cha Kochi, Japani, akiwa na watumishi wachache kuliko kazi, aliweka mikanda ya kusafirisha chupa za damu kutoka mashine hadi mashine, kama vile chupa za soda zinavyotembea kiwandani. Mwaka 1982 kampuni ya Zymark ya Marekani ikaanza kuuza mkono wa roboti uliotengenezwa kwa ajili ya maabara.

Tusidhani kwamba mambo hayo yako ng'ambo tu. Nairobi, eneo la Gigiri, kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF kina maabara ya udongo ambayo kazi yake imeenea Afrika nzima. Mwaka 2002 wataalamu wake, Keith Shepherd na Markus Walsh, walichapisha utafiti wa sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa Afrika Mashariki na Kusini, wakionyesha kwamba udongo ukimulikwa kwa mwanga, hata mwanga usioonekana kwa macho, namna unavyourudisha huonyesha mengi yaliyomo ndani yake. Udongo hukaushwa, huchekechwa, husagwa mpaka uwe laini kama unga wa ngano, kisha hutiwa kwenye sahani ile ile ya vishimo 96. Kila sampuli hupewa vishimo vinne, na kishimo kimoja huachwa kitupu ili mashine ijue mwanga wake wenyewe kabla haujagusa udongo. Baada ya hapo mtambo unasogeza sahani, unamulika, unaandika, unasogeza tena. Sampuli chache kati ya nyingi hupimwa pia kwa kemikali kwa njia ya zamani, na hizo ndizo zinazoifundisha mashine kusoma zilizobaki. Ndiyo sababu gharama imeshuka na kasi imepanda.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Udongo wa juu wa hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, huhesabiwa kuwa kama tani 2,000. Huu wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi, kwa hiyo hupungua. Katika tani hizo, mfuko unaofika maabara ni nusu kilo. Katika nusu kilo hiyo, unaoingia kwenye kishimo ni unga usiojaa ncha ya kijiko cha chai. Mashine inaona ncha ya kijiko. Safari yote kutoka tani 2,000 hadi nusu kilo inafanywa na jembe, ndoo, na kijana aliyetumwa na katibu.

Kwa upande wa kahawa yenyewe hesabu ni kali zaidi. Wote mnaifahamu taasisi ya Ngaramtoni, barabara ya Namanga, tuliyoizoea kwa jina la TPRI, ambayo kwa sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020 iliunganishwa katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Moja ya kazi zake ni kutafuta mabaki ya dawa za wadudu katika mazao. Vipimo vya namna hii hufanywa kwa mitambo yenye trei ya vichupa vidogo na sindano inayojiendesha. Sindano hujiosha, huchota maikrolita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, hudunga ndani ya tanuru, na huanza kujiosha tena kwa ajili ya kichupa kinachofuata. Fundi akishapanga trei jioni, mtambo waweza kufanya kazi usiku kucha, mradi umeme usikatike. Katika trei hiyo fundi mwaminifu huweka pia vichupa visivyo na kitu na vichupa vyenye kiasi anachokijua, ili asubuhi aujue ukweli wa mtambo kabla ya kuamini majibu yake. Ninyi makatibu mtatambua desturi hiyo: ni sawa na kuweka jiwe la kilo 20 juu ya mizani kabla ya kuanza kupokea kahawa.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, dawa ambayo haikuwekewa kiwango chake maalumu hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.01 katika kilo moja. Japani ilianza kutumia kiwango kama hicho mwaka 2006. Nimekaa na kalamu kulipima jambo hili: ni gramu 1 ndani ya tani 100, yaani gramu moja iliyotawanyika ndani ya magunia ya kilo 60 yapatayo 1,667. Mwaka 2008 Japani ilikuta mabaki ya dawa katika kahawa iliyotoka Ethiopia, na biashara hiyo ikaanguka vibaya. Walipotafuta chanzo, shaka iliangukia magunia. Fikirini hayo, ndugu zangu: mkulima ambaye pengine hajawahi kununua chupa ya dawa anakosa soko kwa sababu ya gunia.

Nami katika maghala ya vyama vyetu nimeona nini? Nimeona kahawa ya maganda imepangwa juu ya ukuta mmoja, na chini yake bomba la kunyunyizia dawa limelazwa likiwa bado linadondoka. Nimeona bambo, ile ya kutobolea gunia na kuchukua sampuli, imechomekwa kwenye gunia la mbolea. Nimemwona karani akichukua sampuli ya shehena nzima kutoka gunia lililokuwa karibu na mlango, kwa kuwa ndilo lililofikika. Sampuli ya namna hiyo ikishafika kwenye sindano ile inayojiosha kwa uangalifu mkubwa, usafi wa sindano hautusaidii kitu.

Hapa niingize mfano wa karibu. Wafugaji mnakijua Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River. Katika kazi ya uhimilishaji, mbegu ya dume hutiwa kwenye mrija mwembamba, mara nyingi wa mililita robo, na duniani kote zipo mashine zinazojaza mirija hiyo, kuiziba, na kuichapa maandishi. Mrija hugandishwa ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ukakaa hata miaka. Kinachonivutia mimi mwandika vitabu ni kwamba utambulisho wa dume umechapwa juu ya mrija wenyewe. Haukuandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, wala kwenye daftari tu. Mtungi ukipinduka, mirija ikichanganyika, kila mmoja bado unajua baba yake. Mfuko wetu wa udongo, kinyume chake, hutegemea kipande cha karatasi kinacholoana na kalamu inayofutika.

Wako wanaoniuliza kama mitambo hii itawanyang'anya kazi vijana wetu wanaosoma, pamoja na wale wa Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru. Kwa niliyoyaona, mtambo humwondolea fundi kazi ya kunyonya na kuhesabu, na humwachia kazi ya kushuku, ambayo ni ngumu zaidi. Wala si kila mahali mashine ndiyo hushinda kwa wepesi. Morogoro, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa makohozi yenye kifua kikuu, na panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika zipatazo 20. Watu hucheka wakisikia. Lakini hata panya huyo, sampuli ikiandikwa jina la mgonjwa mwingine, atamnusa mgonjwa mwingine.

Swali jingine ninaloulizwa ni kama chama kinunue kifaa chake. Wauzaji wanapita vijijini na vijisanduku vyenye taa, wakisema vinapima kila kitu. Maoni yangu ni haya, na mtu yuko huru kuyakataa. Kifaa cha kupima unyevu wa kahawa chafaa kiwepo katika kila chama, na kihakikiwe kila mwaka kama mizani. Mtambo mkubwa usinunuliwe na chama cha msingi. Bei ya kuununua ni mwanzo tu. Baada yake kuna dawa za kuuendeshea, vipuri, fundi wa kuurekebisha, na umeme usioyumba. Nimekagua chama ambacho mashine yake iliandikwa katika mali za kudumu kwa miaka minne huku ikiwa imefunikwa kitenge. Vyama vikiungana, mifuko ikapelekwa kwa pamoja, bei hujadiliwa vizuri zaidi.

Kilicho juu yetu ni mfuko. Shamba litembelewe mwenyewe akiwepo. Udongo uchimbwe mahali kumi na tano au zaidi, kwa kupita shamba kombokombo, kina cha sentimita 20, mbali na jaa la samadi, njia, kichuguu na mahali palipochomwa moto. Uchanganywe kwenye ndoo isiyowahi kuwekwa mbolea, ugawanywe mara nne na kupunguzwa mpaka ibaki kilo moja, ukaushwe kivulini. Nusu iende maabara, nusu abaki nayo mkulima. Namba iandikwe kwa kalamu isiyofutika juu ya mfuko, na nyingine ndani yake. Daftari la sampuli liwe na tarehe, jina la aliyechukua, na sahihi au dole gumba la mwenye shamba. Daftari hilo nitalidai, kama ninavyodai leja. Na katibu akipokea majibu, aanze kusoma kutoka chini, kwenye zile herufi ndogo.

Turudi kwenye chama kile. Katika taarifa yangu niliandika kosa la kijana, la katibu, la halmashauri, na aya ya nne niliandika langu, nikataja namba ya hati na ile alama ya kijani. Mrajis Msaidizi aliniita, tukaongea. Hayo si ya mkutano huu. Kabla ya vuli mashamba yote 47 yalichukuliwa upya, kazi ya siku tisa kwa watu wawili, na posho yake haikuwa ndogo. Majibu ya safari hii hayakufanana. Mashamba ya juu mengi yalihitaji chokaa kweli; ya chini hayakuihitaji. Deni la ile iliyotumika bure halijaisha, na limewekwa katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, ambapo wanachama wataamua nani alibebe.

Mwezi uliopita nilipita kwa yule mama. Alinikaribisha chai, kisha akapanda juu ya kigoda akashusha kopo la majani ya chai kutoka darini. Ndani yake mlikuwa na nusu kilo yake ya udongo, kavu, na namba 31 juu ya mfuko. Akaniomba nitoe daftari langu, tuhakikishe kama namba inalingana.